Raifo kwa mashoto: pima kwanza namna ya kutoa risasi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Mafinga na natumia mkono wa kushoto tangu utotoni. Silaha pekee niliyofundishwa ni SMG, ile bunduki ya kijeshi, nilipokuwa JKT. Sasa nimeanza taratibu za kuomba leseni ya raifo ya kuwindia, maana kila kiangazi mjomba huteremka upande wa Idodi na Pawaga akiwa na kibali, nami nataka kuwa na changu. Nimewekewa tatu mbele yangu: BRNO ya zamani ya mjomba, ya risasi ya .375, ambayo sefti yake, yaani kile kifungio cha kuzuia isipige, inavutwa nyuma ndipo ipige. Mauser ya 9.3 ya jirani yake. Na Tikka T3x mpya ya .30-06 iliyoko dukani. Zote tatu ni za mkono wa kulia. Mjomba anasema bunduki ni bunduki, mkono utazoea. Je, mahali zilipokaa sefti, bolti (kile chuma kinachoingiza risasi na kutoa ganda) na magazini (kisanduku cha risasi) pana uzito kiasi gani, na kwangu ipi inafaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako amewinda miaka mingi na mkono wake umekwisha kuijua BRNO ile, kwa hiyo kwake yeye maneno hayo ni kweli. Kwako si kweli. Wewe ni mashoto, na tena mkono wako ulishafundishwa kitu kingine kule jeshini. Mkono uliofundishwa mapema hausahau upesi, na ukishtuka unarudia kile ulichojifunza mwanzo, hata kama kichwa kinajua vingine.

Watu wengi wakienda kutazama raifo huiinua begani, wakafumba jicho moja na kulenga kona ya ukuta. Wanapima namna ya kupiga. Mimi nakuomba upime namna ya kutoa risasi. Ihesabu siku moja ya mawindo: asubuhi unajaza, mkipanda gari unatoa, mkishuka unajaza, mkivuka korongo lenye mawe yanayoteleza unatoa, mkikaa kupumzika unatoa, na jioni kambini unatoa tena. Kupiga penyewe huenda ikawa mara moja, na siku nyingi hupigi kabisa. Mkono wako utagusa sefti, bolti na magazini mara nyingi sana kuliko utakavyogusa triga, na mara nyingine utavigusa ukiwa umechoka, wenzako wamekuzunguka na giza linaingia. Mpangilio mbaya unaua saa hiyo, wakati ambapo hakuna mnyama hata mmoja karibu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila raifo ni hili: je, naweza kuitoa risasi zote huku sefti ikiwa bado imefungwa? La pili: je, kidole gumba changu kinaifikia sefti bila kulegeza mkono ulioshika shingo ya kitako? La tatu: je, inafungwa kwa mwendo ule ule ninaoujua, au kwa mwendo wa kinyume? Usahihi wa shabaha, urembo wa mbao, jina la kiwanda, hayo yanakuja baadaye. Raifo karibu zote za kisasa zinalenga vizuri kuliko sisi tunaozishika.

Ila kabla ya bunduki yoyote, jipime macho. Nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikutane na kuacha kitundu kidogo, kisha kwa macho yote mawili tazama kitu cha mbali kupitia kitundu hicho, tuseme nguzo ya umeme. Sasa fumba jicho moja, halafu jingine. Jicho linaloendelea kuiona nguzo ndilo jicho lenye nguvu. Likiwa la kushoto, endelea kusoma kama ulivyo, bega lako ni la kushoto. Likiwa la kulia, nakushauri umtafute mwalimu akujaribishe bega la kulia kabla hujatoa hela yoyote, kwa sababu hujajenga bado mazoea ya raifo ya kuwindia na huu ndio wakati wa kuyajenga. Wapo mashoto wanaoandika, kulima na kurusha jiwe kwa kushoto lakini wanapiga bunduki kwa kulia bila taabu. Kama wewe ni mmoja wao, sehemu kubwa ya yanayofuata haitakuhusu.

Nachukulia kwamba jicho lako ni la kushoto.

Tuanze na ile unayoijua. SMG ina wenzo mrefu upande wa kulia. Ukiwa juu silaha imefungwa, katikati inamimina, chini kabisa inapiga moja moja. Wenzo huo ni mkubwa, unashikika hata kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ya asubuhi ya Mafinga, na unatoa mlio unaosikika mbali, jambo ambalo kwa mwindaji ni hasara. Kubwa zaidi, ukiwa juu unaizuia bolti isirudi nyuma yote. Ndiyo maana ulifundishwa kutoa magazini kwanza, kisha kushusha wenzo, kuvuta bolti na kutazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa. Yaani ili kuondoa risasi iliyomo ndani unalazimika kwanza kuifungua silaha. Utaratibu huo uweke akilini, utakutana nao tena.

Sasa BRNO ya mjomba. Ikiwa ni ya .375 na ya zamani, bila shaka ni ZKK 602, iliyotengenezwa Uherský Brod katika iliyokuwa Czechoslovakia. Ni chuma imara sana. Kucha yake ya kuchomolea ganda ni pana na inaikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini hadi ganda linaporushwa nje, na baadhi ya zile za mwanzo zina hata kilengeo kidogo kinachochomoza juu ya bolti na kufichika tena. Naipenda bunduki hiyo na sitaki mtu aseme nimeidharau. Lakini sefti yake, kama ulivyoeleza mwenyewe, inakwenda kinyume: mbele ni kufungwa, nyuma ni kupiga. Raifo nyingine karibu zote utakazowahi kushika ambazo sefti yake husukumwa kwa kidole gumba zinafanya kinyume cha hapo. Winchester Model 70, Remington 700, Ruger, Savage, Browning, Sako, Tikka, na hata CZ 550 iliyokuja baada ya hiyo ZKK, zote mbele ni kupiga na nyuma ni kufungwa.

Fikiri maana yake. Uko kwenye nyasi ndefu, nyati ametoka, gumba lako linasukuma mbele kama lilivyozoea, unavuta triga, kimya. Hilo ni baya. Lakini lipo baya zaidi. Umekwisha kukaa na bunduki tayari, mnyama ameondoka, unavuta wenzo nyuma ukiamini umefunga, unaitundika begani na kuanza kutembea nyuma ya mwenzako. La kwanza linaweza kukuua wewe. La pili linamuua mwenzako ambaye hakuwa na kosa lolote.

Na kuna tatizo juu ya tatizo. Kwa kuwa kasoro hiyo inajulikana, mafundi wengi duniani wamezibadilisha ZKK, wengine wakageuza mwendo wa sefti, wengine wakaweka sefti ya hatua tatu nyuma ya bolti, ambayo nitaieleza kwenye Mauser. Hivyo jina lililochongwa juu ya chuma halikuhakikishii kitu. BRNO mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na sefti zinazokwenda pande tofauti. Ukiishika yoyote, hakikisha kwa jicho na kidole kwamba chemba na magazini ni tupu, elekeza mtutu mahali salama, kisha ujaribu mwenyewe upande upi unafunga triga. Usimwamini aliyekupa, hata kama ni mjomba. Angalia pia triga yenyewe: baadhi ya BRNO na CZ 550 nyingi zina triga inayosukumwa mbele kwanza, na baada ya hapo mguso mdogo tu unaifyatua. Kwa mtu aliyelala chini akilenga taratibu ni jambo zuri. Kwa mgeni aliyevaa glavu, au anayehema baada ya kupanda mlima, mimi sikubali itumike.

Basi ya mjomba naiweka pembeni kwa upande wako. Tena .375 H&H, risasi iliyotoka Uingereza mwaka 1912, inapiga bega kwa nguvu ambayo mtu anayeanza huiogopa, na mwoga wa bunduki yake hufumba macho kabla ya kuvuta. Kwa swala na ngiri huhitaji nguvu hiyo. Siku ukitaka nyati utaihitaji, maana utaratibu wa hapa nchini kwa nyati unaanzia .375, lakini siku hiyo utakuwa tayari umejua kupiga.

Mauser ya jirani inanipa furaha zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Jina hilo si geni Uhehe. Askari wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, walioangukia mikononi mwa watu wa Mkwawa pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 walikuwa na Mauser za mtindo wa zamani, zile za risasi moja moja. Hii ya jirani ni ukoo wa ile ya 1898, na raifo nyingi za kuwindia zilizokuja baadaye zimeiga kitu kutoka kwake. Hata risasi yake, 9.3x62, ilibuniwa na fundi wa Berlin aitwaye Otto Bock mwaka 1905 ili itoshee ndani ya Mauser ya kawaida, na walowezi na wawindaji wa Afrika, wakiwemo wa koloni hili la Wajerumani, wapate bunduki yenye nguvu bila kulipa bei ya bunduki za kitajiri.

Sefti ya Mauser halisi ni bawa dogo lililokaa nyuma kabisa ya bolti. Likilala kushoto, bunduki inapiga. Likisimama wima, haipigi, lakini bolti inafunguka. Likilala kulia, haipigi na bolti imefungwa. Hatua hiyo ya katikati ndiyo ninayokuombea. Unasimamisha bawa, unafungua bolti, unatoa risasi moja baada ya nyingine, na muda wote huo pini ya kupigia imeshikiliwa. Sizungumzii triga kushikiliwa, nazungumzia pini yenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa. Sefti nyingi za pembeni hufunga triga na vipande vinavyoungana nayo, na vipande hivyo vikijaa vumbi, mafuta yaliyoganda au kutu, au vikichezewa na fundi asiyejua, kazi yao inaharibika bila wewe kuona kwa nje. Winchester Model 70 ilichukua wazo hilohilo la kushika pini na hatua tatu, ikabadilisha umbo tu: wenzo wake unalala upande wa kulia wa bolti na kwenda mbele na nyuma, kwa hiyo hauigusi darubini.

Darubini ndiyo udhaifu wa bawa la Mauser. Bawa likisimama wima linahitaji nafasi, na darubini iliyofungwa chini inalizuia. Kwa hiyo Mauser yenye darubini ama imebadilishwa sefti, ama darubini yake imewekwa juu mno kiasi kwamba shavu lako halikai kwenye kitako. Kaangalie ya jirani ni ya namna gani. Kama haina darubini na unatumia vilengeo vya chuma, bawa la asili ni sawa kabisa, na kwa mashoto lina unafuu: gumba la kushoto linalivuta kuja upande wake badala ya kulisukuma. Kama ina darubini na sefti ya pembeni ya fundi, uliza kama imebaki na ile hatua ya katikati. Ikiwa haina, Mauser hiyo imepoteza kile kilichonifanya niisifu.

Tazama na chini ya magazini. Zile za kuwindia mara nyingi zina kifuniko cha bawaba, ukibonyeza kitufe kinafunguka na risasi zinaangukia kiganjani. Zile zilizotoka jeshini kifuniko chake kinahitaji ncha ya kitu chembamba ili kitoke, na watu wengi hawajisumbui, huzipitisha risasi zote kwenye chemba ili kuzitoa. Sefti ikiwa wima hilo halinitishi.

Tikka sasa. Inatengenezwa na Sako kule Riihimäki, Finland. T3 ilitoka 2003 na T3x ikafuata 2016. Bolti yake inateleza vizuri sana, na inainuliwa nyuzi 70 tu, wakati ya Mauser inainuliwa 90, hivyo mkono haugongi darubini. Magazini yake inachomoka, jambo linalorahisisha kutoa risasi: ukishaiweka mfukoni, kilichobaki ni risasi moja tu ya chemba. Ila magazini inayochomoka inapotea, na ukiiacha kambini umebeba fimbo ya bei ghali, kwa hiyo nunua ya pili siku hiyohiyo.

Sefti yake iko upande wa kulia nyuma ya mpini wa bolti, mbele ni kupiga, na ina hatua mbili tu. Ikifungwa, inafunga na bolti. Maana yake ni ile niliyokwambia uikumbuke kutoka SMG: ili utoe risasi ya chemba lazima kwanza usukume sefti kwenye kupiga. Si kosa la kiwanda, kuna sababu. Bolti isiyofungwa ikipita vichakani huku imetundikwa begani hunaswa na matawi, ikainuka, na wewe ukaja kugundua risasi imechomoka wakati mnyama yuko mbele yako. Remington 700 ilikuwa hivyohivyo, inafunga bolti, mpaka mwaka 1982 ilipobadilishwa ili ifunguke sefti ikiwa imefungwa. Wapo wanaosifu mabadiliko hayo na wapo wanaolalamika, na kila upande una hoja. Dawa ya kweli ni hatua tatu, au kitufe cha ziada: Sako 85 ina kidubwasha kidogo mbele ya sefti kinachofungua bolti huku sefti ikibaki imefungwa, na Browning X-Bolt ina kitufe chake kwenye shina la mpini wa bolti. Tikka haina hicho. Kwa hiyo ukiichagua, utaratibu wako uwe uleule kila siku bila kuruka: mtutu chini mahali salama, kidole nje ya kingo za triga, magazini itoke, sefti isukumwe, bolti ifunguliwe, chemba itazamwe na kuguswa. Wewe una bahati, JKT ilishakupa mfuatano huo.

Kinachonikwaza kwenye Tikka ya dukani ni kwamba ni ya kulia. Gumba la kushoto likivuka juu ya shingo ya kitako linaifikia sefti hiyo, lakini linaifikia kwa mshazari, na mkono mzima unazunguka kidogo. Bolti ni shida kubwa zaidi. Ukiwa umelala na raifo imeegemea mfuko au gogo, unaweza kuifungua kwa mkono wa kulia na kubaki umelenga, na hapo mashoto hana hasara yoyote. Lakini Pawaga watu wanapiga wakiwa wamesimama, raifo ikiegemea miti mitatu iliyofungwa pamoja, na mkono wa kulia ndio ulioshika miti hiyo na mbele ya kitako. Inabidi mkono wa kushoto uache shingo, uvuke juu ya darubini, uinue, uvute, usukume, urudi. Shavu limeondoka, jicho limempoteza mnyama, na kama risasi ya kwanza haikukaa vizuri, ya pili imechelewa. Mnyama aliyejeruhiwa anakwenda kufia mbali, au anakusubiri kichakani.

Tikka T3x inatengenezwa pia kwa ajili ya mashoto, bolti na sefti zote zikiwa kushoto. Muulize mwenye duka kama anaweza kuiagiza. Mashoto hawajasahaulika: Savage walianza kuuza Model 110 ya kushoto mwaka 1959, na sefti ya raifo hiyo iko juu ya shingo ya kitako, katikati kabisa, mahali ambapo gumba la mkono wowote linaanguka lenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo pazuri kuliko pote pa kuweka sefti, kwa mashoto na kwa wa kulia. Blaser R8 ya Ujerumani imepatumia mahali hapohapo kwa wazo jingine kabisa: haina sefti ya kawaida, spring ya pini inabaki imelegea mpaka usukume kitelezi kwa gumba, kwa hiyo unatembea na bunduki ambayo haijakokiwa. Ni wazo bora, na bei yake inalingana na ubora huo, kwa hiyo naitaja tu uijue. Kama dukani kuna raifo ya kuagiza yenye sefti ya namna hiyo kwa bei unayoimudu, itazame kabla ya Tikka.

Mjomba atakuambia raifo ya kushoto haitamfaa mtu mwingine nyumbani, na itauzika kwa shida. Kuuzika kwa shida ni kweli, nalikubali. Hilo la nyumbani silikubali hata kidogo. Leseni ni ya jina lako, silaha ni ya mkono wako, na hakuna ndugu anayepaswa kuishika kuwindia. Kama umbo lake linawazuia wengine kuiazima, kwangu ni faida.

Kuna mambo ya nchi yetu hii ambayo vitabu vya wenzetu havitaji. Wewe unaishi kwenye baridi na kuwinda kwenye joto. Ukiijaribu raifo Mafinga mwezi wa Juni, umevaa koti zito, kitako kitaonekana kirefu na kitanasa kwapani unapoinua. Ukiteremka Pawaga na shati jepesi, kitako hichohicho kitakuwa kimekaa sawa au kimekuwa kifupi, na darubini itasogea karibu na nyusi. Kwa raifo inayorusha nyuma, nyusi zinachanika. Ipime kwa nguo utakazowindia. Lakini sefti uipime kwa baridi: nenda alfajiri vidole vikiwa vizito, uone kama gumba lako linaisukuma mara moja bila kubabaika. Wenzo mdogo ulionyooka na kulala sambamba na chuma unapendeza dukani saa sita mchana. Asubuhi ya Makete au Njombe, kwenye umande ulioganda, ni mateso. Vumbi la Pawaga nalo linaingia kila penye mafuta mengi, kwa hiyo pangusa mafuta kwenye bolti na sefti mpaka ibaki utando tu. Ukirudi Mufindi kwenye ukungu, paka tena, maana kutu haichelewi.

Na jambo la bodaboda. Naona watu wakibeba raifo mgongoni juu ya pikipiki, chemba ikiwa na risasi, eti sefti imefungwa. Sefti hakuna kiwanda kilichoitengeneza kwa ajili hiyo. Ndani ya gari au juu ya pikipiki chemba ni tupu na magazini ni tupu, na bunduki iko ndani ya mfuko wake. Sefti ni ya dakika chache kati ya kumwona mnyama na kupiga, au kati ya kumwona na kumwacha aende.

Basi uamuzi wangu kwako. Kama unaweza kusubiri, agiza Tikka ya kushoto, ya .30-06 hiyohiyo, risasi ambayo imekuwepo tangu 1906. Kama huwezi kusubiri, na Mauser ya jirani ina hatua tatu za sefti zinazofanya kazi sawasawa, chukua Mauser, ukubali bolti ya kulia na ufanye mazoezi ya kuivusha. Uhakikishe kwanza unapopatia risasi za 9.3x62, kwa sababu si kila duka linaziweka. Tikka ya kulia iliyoko dukani naiweka ya tatu. BRNO abaki nayo mjomba, na ninakusihi usiwe na desturi ya kuishika leo hiyo na kesho ya kwako. Raifo mbili zenye sefti za kinyume hazifai mikononi mwa mtu mmoja anayejifunza.

Mazoezi utayafanya nyumbani kwako leseni ikishatoka, bila risasi hata moja ndani ya chumba hicho, ukitumia risasi bandia. Inua begani, gumba lifungue sefti wakati kitako kinagusa bega, lenga, kisha usivute. Funga tena, shusha. Rudia. Watu hufanya mazoezi ya kufungua na kupiga tu, ndiyo maana mkono wao haujui kufunga. Nataka wako ujue kufunga bila kuamriwa.

Ukienda kwa jirani kuitazama Mauser, mwombe aifungue bolti mbele yako, na wewe uhakikishe kwa macho na kidole kwamba ni tupu. Funga bolti, weka bawa kulia, jaribu kuinua bolti: isitikisike. Lisimamishe, inua bolti: ifunguke. Funga bolti tena, bawa likiwa wima vuta triga kwa nguvu ya kawaida, uiachie, kisha lilaze bawa kushoto bila kugusa triga. Ikifyatuka yenyewe hapo, irudishe mikononi mwa mwenyewe na umwambie aipeleke kwa fundi mwenye leseni, asiitumie tena. Halafu fanya jaribio hilohilo kwa Tikka dukani kabla hujaagiza ya kwako, ujue inavyojisikia.

Na hayo ya Mauser yote uyafanye ukiwa kwa jirani, yeye mwenyewe akiwepo. Asikwambie uende nayo Mafinga ukaijaribu wiki moja. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, umiliki unahamishwa kupitia polisi, na mpaka jina lako liwe kwenye leseni ya bunduki ile, kuibeba ni kosa lako na kukupa ni kosa lake. Kibali cha kuwinda nacho ni kitu kingine, kinatoka upande wa wanyamapori chini ya sheria ya mwaka 2009, na ukienda kukiomba taja aina ya risasi ya bunduki yako, wakuambie ni wanyama gani unaruhusiwa nayo.